Fimbo Moja kwa Besi na Maski: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Barafu ikishayeyuka huku Minnesota, simu huanza kuingia. Binamu yangu wa Rochester anauliza, jirani wa zamani kutoka Goma aliyehamia Green Bay anauliza, na kijana wa shemeji yangu hapa Minneapolis naye anauliza kila akija kula Jumapili: "Mjomba, nina hela ya fimbo moja tu. Nataka kuvua besi, lakini ziwa lina maski pia. Ninunue ipi?" Nimejibu mara nyingi mno kwa vipande vipande, na kila nikijibu kuna kitu nasahau. Safari hii nimeyaandika yote.

Kwa kifupi, ninunue fimbo gani?

Chukua fimbo ya futi 7 na nusu hadi futi 8, yenye herufi H kwa nguvu na F kwa mpindo (herufi hizi nitazieleza chini), iliyoandikwa kuwa inarusha chambo cha kuanzia robo tatu ya aunsi hadi aunsi 3 au 4. Ifunge rili ya saizi ya 300, ile inayokaa juu ya fimbo. Ijaze mshipi wa kusuka wa ratili 65, yaani unaohimili mzigo wa ratili 65 kabla ya kukatika, na usiurushe bila lida mbele yake, kile kipande kinachozuia meno ya maski kukata mshipi.

Dukani usiitafute fimbo hii kwenye safu ya maski. Nenda safu ya besi, tafuta zile nene za mwisho: za kurushia samaki wakubwa wa mpira, au za kudumbukiza chambo ndani ya majani mazito. Wauzaji wengi hawatakupeleka hapo wenyewe. Ukisema "maski" watakupeleka kwenye fimbo za futi 9, ukisema "besi" watakupa ya futi 7 iliyo laini, na wewe unataka ile iliyo katikati.

Mimi ni mgeni huku. Besi na maski ni samaki gani?

Besi wako wa aina mbili. Besi mdomo mkubwa ni wa kijani, anakaa kwenye majani na chini ya magati. Besi mdomo mdogo ni wa kahawia, anapenda mawe na maji safi, na kwa ukubwa uleule ana nguvu kumshinda mwenzake. Huku kaskazini besi wa ratili 4 ni samaki wa kupiga naye picha, na wa ratili 6 utamsimulia mwaka mzima.

Maski ni wa ukoo mwingine, ukoo wa paiki. Aliyekulia pwani amfikirie mzia: mwili mrefu, mdomo kama wa bata uliojaa meno, na tabia ya kuning'inia majini bila kusogea kisha kufyatuka mara moja. Maski wa inchi 40, yaani kama mita moja, ni wa kawaida kwa mvuvi anayejua kazi. Wa inchi 50 ni jike mzee aliyeishi miaka mingi. Rekodi mbili zinazotajwa sana zote ni za mwaka 1949, na zote zilitoka karibu na Hayward, Wisconsin. Louis Spray alitoa wa ratili 69 na aunsi 11 Chippewa Flowage, naye Cal Johnson akatoa wa ratili 67 na nusu kwenye ziwa Lac Courte Oreilles. Jumba la kumbukumbu la uvuvi la Hayward linamtambua Spray, shirikisho la kimataifa la uvuvi wa michezo linamtambua Johnson, na wazee wa Wisconsin bado wanabishana.

Kama samaki wenyewe wanatofautiana hivyo, fimbo moja itawezaje?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu huchagua fimbo kwa kumtazama samaki. Wanaona maski wa ratili 30 na besi wa ratili 3, wanasema haiwezekani. Lakini kazi kubwa ya fimbo siku nzima si kupigana na samaki. Ni kurusha chambo. Utarusha mara mia tatu, mia nne kwa siku, na samaki utapigana naye dakika chache, kama atakuja. Kwa hiyo chagua fimbo kwa uzito wa chambo.

Fimbo hufanya kazi kama upinde. Ukiipeleka nyuma, uzito wa chambo unaikunja. Ukiipeleka mbele, inajinyoosha na kukirusha. Chambo kikiwa chepesi mno, fimbo haikunjiki, nacho kinaanguka karibu na miguu yako. Kikiwa kizito mno, fimbo inakunjika kupita kiasi, inakosa nguvu ya kujinyoosha, na siku moja inakatika.

Sasa tazama uzito wenyewe. Aunsi moja ni kama gramu 28. Vyambo vingi vya besi viko kati ya robo aunsi na aunsi moja. Vya maski vinaanzia karibu aunsi moja na kuendelea hadi yale makubwa ya mpira yanayofika aunsi 16, ratili nzima. Hakuna fimbo duniani itakayorusha robo aunsi asubuhi na ratili moja jioni. Lakini kuna eneo la katikati, kuanzia robo tatu ya aunsi hadi aunsi 3, ambamo vyambo vizito vya besi na vyambo vyepesi vya maski vinakutana. Fimbo yako inaishi humo. Ukikubali kuvua ndani ya eneo hilo, fimbo moja inatosha kabisa.

Nasema haya kwa sababu niliyalipia. Mwaka wangu wa pili huku nilikuwa na fimbo ya besi ya futi 7, MH, iliyoandikwa mwisho aunsi moja. Rafiki akaniazima chambo cha mpira cha aunsi 4. Nikarusha mara tatu, nikaona mambo mazuri. Mara ya nne nikasikia mlio kama kuni kavu ikivunjwa, chambo kikaruka peke yake, na kipande cha fimbo cha shubiri mbili kikabaki kinaning'inia kwenye mshipi. Mtengenezaji alikuwa ameandika kikomo juu ya mpini kwa wino mweupe. Mimi ndiye sikusoma.

Herufi na namba zilizoandikwa juu ya mpini zinasema nini?

Utaona mambo manne.

Urefu, kwa futi na inchi.

Nguvu ya fimbo: M, MH, H, XH, kuanzia ya kati hadi ngumu mno. Hiki ni kipimo cha ugumu, fimbo inahitaji mzigo kiasi gani ndipo ikunjike. Tatizo ni kwamba herufi hizi hazina kipimo kimoja kwa wote. H ya fimbo ya besi na H ya fimbo ya maski ni vitu viwili tofauti kabisa. H ya besi inakaribia kuwa fimbo laini sana ya maski. Ndiyo maana sikuambii ununue herufi peke yake.

Mpindo: F maana yake inakunjika karibu na ncha, XF inakunjika nchani kabisa, na M au MF inakunjika hadi katikati. F inafaa kwetu, kwa kuwa ncha inabaki na uhai wa kurusha chambo chepesi, huku nusu ya chini ikiwa ngumu ya kuzamisha ndoana.

Mwisho ni uzito wa chambo, kwa aunsi. Kama ni lazima usome kimoja tu, soma hiki. Mimi hukitazama kabla sijatazama bei. Fimbo iliyoandikwa aunsi 1 hadi 4 itarusha robo tatu bila manung'uniko. Iliyoandikwa 2 hadi 8 haitakuvulia besi, hata muuzaji aseme nini. Na usivue kwenye mpaka wa juu siku nzima: kama imeandikwa 4, fanya 3 ndiyo kazi ya kila siku.

Kwa nini urefu wa karibu futi 8? Besi wanavuliwa kwa futi 7.

Kwa sababu ya kitu kinachotokea ubavuni mwa boti, na kitu hiki ndicho kilichonifanya niwapende maski.

Maski hufuata. Unavuta chambo, unakiona kinakuja, na nyuma yake, kwa umbali wa mkono, kuna kitu kirefu cha rangi ya shaba kinachosogea bila kutikisa pezi. Macho yake yapo juu ya kichwa, yanakitazama chambo. Ukikitoa majini, anazama polepole na hukumbuki tena kama ulimwona kweli. Basi usikitoe. Acha mshipi wa futi moja hivi kati ya ncha na lida, tumbukiza ncha ya fimbo ndani ya maji, kisha chora namba nane, pana, bila kusimama. Ongeza mwendo kwenye mnyooko, na kwenye kona izungushe kwa duara kubwa. Mara nyingi huuma kwenye kona.

Samaki wa mita moja na zaidi hawezi kugeuka kwenye kona ya sahani. Anahitaji kona ya sinia la pilau, na zaidi. Kwa fimbo ya futi 7, ukisimama kwenye boti yenye kingo ndefu, unabaki na fimbo fupi sana majini na nane yako inakuwa ndogo. Inchi kumi za ziada unaziona hapo. Septemba moja Lake Minnetonka, jua likizama, samaki alinifuata hivyo mizunguko miwili bila kuuma. Wa tatu nikaipeleka fimbo mbali kadiri mkono ulivyofika, akafungua mdomo, nikaona weupe wa ndani, na fimbo ikazama hadi kwenye rili. Alikuwa wa inchi 44. Kwa fimbo yangu ya kwanza ningemwangalia akienda zake.

Kwa upande wa besi, futi 8 haidhuru kwenye maji ya wazi: inarusha mbali na kuvuta mshipi mwingi kwa mkupuo mmoja. Itakusumbua chini ya magati na kwenye mitumbwi midogo. Kama unavua ukiwa umesimama ukingoni kwenye miti, au wewe ni mfupi kama mke wangu, chukua futi 7 na nusu.

Nibebe vyambo gani ili fimbo moja ifanye kazi zote mbili?

Vitu vitano vitakutosha msimu mzima.

Spina ya manyoya, ile yenye vibati viwili vinavyozunguka, ya aunsi 1 hadi 2. Maski wanaipenda kuliko kitu kingine chochote, na besi mdomo mdogo wa haja huipiga vilevile.

Spina ya waya uliopindwa kama V, yenye sketi ya mpira, ya robo tatu hadi aunsi moja. Hii ndiyo ninayoifunga kwanza nisipojua ziwa. Inapita kwenye majani bila kunasa, na haijali nani anauma.

Samaki wa mpira wa inchi 5 hadi 7, wa aunsi 1 na nusu hadi 3. Besi mkubwa humla mzima mzima; usidanganywe na ukubwa wake.

Chambo cha juu ya maji chenye mkia unaozunguka na kupiga kelele, cha aunsi moja. Kitumie alfajiri na jioni.

Na chura wa mpira mwenye ndoana mbili zilizofichwa mgongoni, kwa ajili ya besi waliojificha chini ya majani yanayoelea. Chura wa kawaida ana zaidi kidogo ya nusu aunsi, kwa hiyo utamrusha karibu kidogo kuliko mwenzako mwenye fimbo laini. Lakini ugumu wa fimbo yako utakupa faida, maana besi akishauma inabidi umng'oe pamoja na majani yake.

Vijinyoo vyepesi vya mpira na vyambo vya robo aunsi viache. Vinakamata besi sana, sibishi, ila si kwa fimbo hii.

Rili ipi? Naweza kuweka ile inayoning'inia chini ya fimbo?

Inawezekana, na kama hujawahi kurusha kwa rili ya juu utajisikia huru zaidi mwanzoni. Lakini nakushauri ujifunze ya juu. Kusimamisha chambo kizito kwa kidole gumba ni rahisi, na ina nguvu ya kuvuta spina nzito siku nzima bila kukuumiza kiwiko.

Saizi ya 300 ni ya katikati. Ya 400 ni nzuri kwa maski lakini inachosha mkono ukivua besi. Ya 150 na 200, ambazo ndizo za besi, hazina nafasi ya mshipi mnene wala gia za ndani za kuhimili. Mwendo wa 6 na kitu kwa 1, yaani ngoma inazunguka mara sita na kitu kila ukizungusha mkono wa rili mara moja, unafaa kila kitu. Mkono wa rili uwe mrefu na vishikio vikubwa, ambavyo mkono wenye glavu ya Oktoba unaweza kuvishika.

Rili ya juu ina ugonjwa mmoja: chambo kikipunguza mwendo hewani na ngoma ikaendelea kuzunguka, mshipi unafumana. Kwa chambo cha nusu aunsi utafumua kwa dakika tano. Kwa chambo cha aunsi 3 mshipi unasimama ghafla na chambo kinakatika kwenda zake. Jifunze kwanza uwanjani na kipande cha risasi cha aunsi moja kisicho na ndoana.

Mshipi wa namna gani, na lida ni ya nini?

Mshipi wa kusuka, ratili 65. Wa 50 unavumilika. Ule wa 80 au 100 wanaotumia wavuvi wa maski peke yake ni mzuri, lakini vyambo vyako vyepesi havitaenda mbali nao. Wa chini ya 50 usitumie, hata kama unajua utapigana na samaki wa ratili 10 tu. Unene si kwa ajili ya uzito wa samaki. Ni kwa ajili ya ule mshtuko wa kurusha chambo kizito, na kwa ajili ya kumleta maski haraka kabla hajachoka kupita kiasi.

Lida ni kipande cha inchi 12 hivi cha waya, au cha uzi mnene wa plastiki uitwao fluorokaboni, kinachokaa kati ya mshipi na chambo. Kwa maski, fluorokaboni ya ratili 80 ndiyo kiwango cha chini changu, na kwa vyambo vikubwa 100 hadi 130. Kwa siku za besi kwenye ziwa lenye maski, fupisha lida, chukua waya mwembamba au fluorokaboni ya 80, lakini usiiondoe.

Najua utasikia kwamba besi wanaogopa lida. Kwenye maji maangavu, na chambo kinachokwenda polepole, kuna ukweli ndani yake. Na mimi nitakuambia kilichotokea Mille Lacs nilipoamini hivyo. Nilikuwa navua besi mdomo mdogo juu ya mawe, bila lida. Kitu kikauma kwa uzito, mshipi ukasogea upande kwa sekunde mbili, kisha ukalegea. Nilipoukusanya, mwisho wake ulikuwa umekatika sawasawa kama kwa wembe. Samaki nilimkosa, hilo ni la kawaida. Kilichoniuma ni kwamba alikwenda na ndoana sita ndani ya mdomo, na hilo lingezuiwa na lida ya dola tatu. Tangu siku hiyo sirushi ziwa la maski bila lida, hata besi wapungue nusu.

Fimbo hii si ngumu mno kwa besi mdogo?

Ni ngumu, ndiyo. Besi wa ratili moja utamleta kama jani, na raha ya kupambana naye itakuwa ndogo. Kama furaha yako ni kuvua besi thelathini wadogo kwa siku, nunua fimbo ya besi tu na uwasahau maski, sitakulaumu.

Hatari nyingine ni kwenye vyambo vyenye ndoana za matawi matatu. Ukikaza fimbo ngumu na mshipi usionyumbuka, ndoana ndogo hupasua mdomo wa besi na kutoka. Dawa yake ni breki ya rili. Ukivua besi ilegeze kidogo, acha samaki ajinase mwenyewe kwa kuvuta, usipige kwa nguvu. Ukibadilisha kwenda maski, ikaze tena. Mimi hushika mshipi kwa mkono na kuuvuta kabla ya kurusha mara ya kwanza, kila asubuhi.

Ninayo tayari fimbo ya futi 7 MH. Siwezi kuanza nayo?

Anza nayo, mradi ubaki chini ya kikomo chake. Spina ya manyoya ya robo tatu ya aunsi imekamata maski wengi sana. Weka mshipi wa 50, lida, na wavu mkubwa wa kumpokelea samaki. Usiazime vyambo vya watu.

Naishi ghorofani na gari langu ni dogo. Futi 8 nitaiweka wapi?

Tafuta ya vipande viwili, au ile ambayo mpini wake unaingia ndani ya fimbo. Zile za kuingiza zipo nyingi upande wa maski kuliko upande wa besi. Fimbo ya kipande kimoja ni nyepesi zaidi na haina kiungo cha kulegea, ila fimbo iliyobaki nyumbani haivui. Corolla yenye viti vya nyuma vilivyolazwa inabeba futi 7 na nusu kutoka kioo cha mbele hadi buti. Nimefanya hivyo misimu mitatu.

Niweke bajeti ya kiasi gani?

Dola 120 hadi 200 kwa fimbo, na karibu hivyo kwa rili. Ukibanwa, punguza kwenye fimbo kabla ya kupunguza kwenye rili, na usipunguze kabisa kwenye mshipi, lida, wavu na koleo. Januari na Februari, barafu ikiwa bado nene, maduka hupunguza bei na kuna maonyesho ya uvuvi. Za mkono wa pili pia ni nzuri: pitisha pamba ndani ya kila pete, ikinasa ujue pete imepasuka na itakata mshipi wako.

Maski akiuma, nifanye nini?

Usilegeze. Mlete haraka. Wavu mkubwa wenye mfuko wa mpira, na samaki abaki ndani ya wavu, wavu ndani ya maji. Humo humo mtoe ndoana kwa koleo refu. Ndoana ikigoma, ikate kwa kikata vyuma. Ndoana ni senti, samaki ni miaka kumi na tano. Picha moja, mwili ukiwa umelala mlalo, mkono mmoja chini ya tumbo, usimning'inize kwa taya kama besi. Kisha mshike mkiani ndani ya maji hadi aondoke mwenyewe.

Maji yakipita nyuzi 80 za Farenhaiti, karibu 27 za Selsiasi, acha kuvua maski kabisa. Atakuogelea vizuri mbele ya macho yako na kufa baadaye. Siku hizo vua besi, na hapo ndipo uzuri wa fimbo moja unapoonekana: hubadilishi kitu ila chambo. Hata hivyo, maski haulizi ruhusa, kwa hiyo joto likiwa hivyo kaa mbali na majani marefu ya kina anayopenda kusimama.

Samaki mkubwa namna hiyo, mbona tunamwachia? Nyumbani angelisha familia.

Swali hili mama yangu aliniuliza kwenye simu, na sikuweza kulipita kwa wepesi. Sisi tumelelewa na sangara na sato. Kumrudisha samaki majini ni kama kumwaga wali.

Nilimjibu hivi. Maski ni wachache hata kwenye ziwa zuri. Wengi kwenye maziwa ya miji wamepandikizwa na idara ya maliasili kwa fedha za leseni zetu. Anachukua miaka mingi kufika ukubwa wa kuvunja moyo wa mtu. Sheria nayo inamlinda: kwenye maziwa mengi ya Minnesota huruhusiwi kumchukua chini ya inchi 54, na sehemu kubwa ya Wisconsin chini ya inchi 40. Tena samaki mla samaki aliyeishi muda mrefu hukusanya zebaki mwilini, na idara za afya za majimbo yote mawili zinawatahadharisha hasa wajawazito na watoto. Kwa hiyo hata sufuria haimtamani.

Ukitaka kitoweo, chukua besi wadogo kulingana na sheria ya ziwa lako, au bora zaidi perege wa huku, wale samaki bapa wa jua. Wakaange na ndimu na pilipili, ugali pembeni. Hakuna atakayekumbuka maski.

Wapi wanapatikana wote wawili?

Minneapolis kwenyewe, Lake Harriet na Bde Maka Ska, unafika kwa basi. Lake Minnetonka, ndilo ziwa ninalolipenda. White Bear Lake. Mille Lacs kwa besi mdomo mdogo wakubwa na maski wakubwa zaidi. Wisconsin kuna ghuba ya Green Bay na maziwa yote ya Hayward. Walioko Michigan na Ontario wana Lake St. Clair, na huenda hawajui bahati waliyo nayo.

Leseni?

Kuanzia miaka 16 ni lazima, Minnesota na Wisconsin. Huhitaji uraia. Misimu ya besi na maski si lazima ifunguliwe siku moja, soma kijitabu cha mwaka huo kabla ya kutia chambo majini.

Nikienda nyumbani likizo, fimbo hii itanifaa?

Itakufaa kuliko unavyodhani. Besi mdomo mkubwa alipelekwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na ni samaki yuleyule unayemvua Minnetonka. Kwa sangara wa Ziwa Victoria, vyambo vya kuzama vya aunsi 1 hadi 2 viko katikati kabisa ya uwezo wa fimbo yako. Weka lida nene ya nailoni kwa sababu kingo za mashavu yake zinakata. Ila ya kipande kimoja ndege itakutoza kama jeneza. Kwa safari, vipande viwili.

Lini ninunue ya pili?

Siku utakapojikuta dukani umeshika chambo cha aunsi 8 na moyo unadunda. Hapo nunua fimbo ya maski ya futi 9, iliyoandikwa 3 hadi 8 au zaidi, na rili ya 400. Hii ya kwanza usiiuze. Itoe lida nene, ifunge chura, ibaki ya besi. Yangu ina miaka saba, mpini wake umeliwa na jasho, na Jumamosi ijayo kijana wa shemeji ataishika yeye.